Triza Hakukosa Darasa Hata Siku Moja

Katika wasifu wa marehemu Triza Ayuma, ukurasa wa pili, kuna sentensi inayosema kwamba hakukosa darasa hata siku moja. Sentensi hiyo ni ya uongo, na mwongo ni mimi. Naitwa Mwelu, wa mtaa wa Jericho, Nairobi, mwanafunzi wa ualimu mwaka wa tatu. Kabla hujanihukumu, nipe nafasi nikueleze Triza alikuwa mtu wa namna gani, maana wasifu ule haukumweleza. Ulisema alikuwa mpole. Triza mpole! Aliyeandika hivyo hakuwahi kumwona akibishania bei ya sweta.

Tulikutana siku ya kwanza ya chuo, katika ukumbi wa viti mia mbili na wanafunzi mia nne. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na begi langu jipya, nikijuta kuzaliwa. Yeye alikuwa ameketi. Akanisogezea nusu ya kiti chake.

"Keti hapa, wewe. Sisi ni wembamba, tutatoshea."

Hakuwa mwembamba hata kidogo. Tulikaa nusu kwa nusu saa mbili nzima, mguu wangu mmoja ukafa ganzi, na tangu siku hiyo wakatuita pacha, ingawa mimi ni Mkamba mrefu kama mlingoti wa simu na yeye alikuwa Mmaragoli mfupi wa mashavu.

Kwao ni Vihiga. Alikuwa kifungua mimba wa mama Asenath, mjane anayelima mboga na kuimba katika kwaya ya akina mama. Alipokuja Nairobi alikaa na mjomba wake Kayole, mjomba akahamishwa kazi akaenda Eldoret, Triza akabaki peke yake katika chumba kimoja orofa ya tatu. Ili ale, aliuza sweta za watoto Gikomba. Siku za kufungua bale, yale marobota ya mitumba, alikuwa sokoni kabla jua halijatoka, kwa sababu anayechelewa huachiwa takataka na wenzake. Alikuwa na mkono wa kuchambua. Alishika sweta hata bila kuitazama na kukuambia kiwiko kimetoboka. Akitoka hapo anakimbilia chuo, ananuka vumbi la mitumba, anaketi mbele. Alitaka kuwa mwalimu wa Kiswahili. Si kwa sababu alikosa kozi nyingine, kama mimi. Alitaka kweli.

Kisha idara ikatangaza kwamba kumbi hazitoshi, na kwamba masomo yetu yote yatakuwa mtandaoni. Hapo ndipo pacha wakaachana njia.

Triza alifurahi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alihudhuria mihadhara akiwa kibandani kwake Gikomba, kidude kimoja cha kusikilizia sikioni, mikono ikikunja sweta. Mimi niliuchukia mtandao kwa roho yangu yote. Nyumba yetu ya Jericho ni ile ya zamani ya baraza la jiji, tuko watano ndani, cherehani ya mama inanguruma kutwa, na mahali pekee ambapo mtandao ulishika vizuri ni uani, karibu na choo. Nilisomea nadharia ya fasihi nikiwa nimekalia ndoo. Majirani walikuwa wakipita na makopo yao, wananiuliza kama tumbo limeharibika.

Mwalimu wetu wa asubuhi alikuwa Dakta Mureithi, mzee mkali mwenye sauti ndogo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alianza kwa kuita majina, na kila aliyeitwa aliandika kwenye kisanduku cha ujumbe kwamba yupo. Wote tuliandika neno moja la Kiingereza, basi. Triza aliandika, "Nipo, tena mzima." Hivyo ndivyo nyanya yake alivyojibu salamu. Dakta alipenda. Wakati mwingine aliisoma kwa sauti: "Triza yupo, tena ni mzima. Wengine sijui hali zenu."

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kila mwanafunzi wa chuo analijua na hakuna anayelisema mbele ya mzazi wake. Anayekosa zaidi ya robo ya masomo hafanyi mtihani. Kwa hiyo tunasainiana. Katika ukumbi karatasi ilipita kutoka kiti hadi kiti, nawe unatia sahihi yako na ya rafiki yako aliyelala, au aliye kazini, au aliyekwama mahali. Mimi nilijua sahihi saba za watu, na ya Triza niliiandika vizuri kuliko yeye mwenyewe. Hatukuona kama ni wizi. Tuliona ni utu. Mtandao ulipokuja desturi ile ilibadilika kidogo tu: badala ya sahihi, unamwachia mwenzako simu yako. Tuliita kushikia mtu class.

Jumamosi moja, mwanzoni mwa muhula huu, mkuu wa kitivo aliitisha mkutano mtandaoni ili wanafunzi watoe maoni: masomo yabaki mtandaoni au yarudi ukumbini? Tulikuwa zaidi ya mia tatu. Mmoja alisema amejifungua mwezi uliopita na mtandao umemwokoa. Mwingine akasema kwao umeme huja ukipenda. Triza akaomba nafasi. Aliongea kwa adabu, kwa Kiswahili kile chake safi. Akasema, "Bila mtandao ningekuwa nimeacha chuo mwaka jana. Najua kuna ubaya wake, lakini naomba msiufunge mlango ambao wengine wetu tunapitia."

Nami nikafuata. Mdomo wangu huu mama aliusema tangu nikiwa mdogo, kwamba siku moja utaniponza. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, nimechoka, jua linanichoma utosini, na mtandao ulikuwa umenikatikia mara nne.

"Wanaotaka mtandao," nikasema, "ni wale ambao Dakta akifundisha, wao wako sokoni wanauza nguo. Chuo si redio ya kusikiliza ukifunga mzigo."

Watu walicheka. Niliona vicheko vikipanda kwenye skrini, vingi, na nilivipenda. Darasa letu zima lilijua ninamsema nani. Jina la Triza likatoweka kwenye orodha ya mkutano: alikuwa ameondoka.

Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, alikuja Jericho. Mama alimkaribisha chai, akakataa, na Triza hakuwa mtu wa kukataa chai. Akanivuta uani, pale pale penye ndoo yangu.

"Mwelu, jana umeniuza."

"Nilikuwa natoa maoni tu. Si waliuliza maoni?"

"Hayo maoni yako yana jina langu. Kila mtu alijua."

Nilitaka kusema pole. Badala yake nikasema, "Kwani nimedanganya?"

Halafu akatoa simu yake kubwa mfukoni.

"Sikia. Shule zinafunguliwa wiki hii, sweta zitaenda. Siwezi skiza Dakta na wateja wamenizunguka, na juzi kidogo waninyang'anye hii simu. Nishikie class. Nitaikujia Jumapili."

"Sasa nikikutaka?"

"Niko na kabambe, ile simu yangu ndogo. Lakini usinipigie. Bado nimekukasirikia. Nikimaliza kununa tutaongea."

Nikacheka, kwa sababu ni Triza tu angeweza kukupangia ratiba ya kununa. Yeye hakucheka, lakini mlangoni aligeuka akaniambia nisisahau kuchaji. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Nimejaribu kukumbuka kama kulikuwa na mengine, sikumbuki.

Jumatatu asubuhi nilikaa na simu mbili. Dakta akaita, "Ayuma, Triza." Nikaandika, "Nipo, tena mzima." Jioni nilitoa kava ya simu yake niifute vumbi, nikakuta vitambulisho vyake viwili vimechomekwa nyuma, cha taifa na cha chuo. Ndivyo wengi wetu tunavyovibeba. Nikavirudisha. Nilijiambia akivihitaji atakuja, na labda itakuwa njia ya yeye kuja mapema. Kwa hilo tu nilifurahi.

Jumatano Dakta alimwuliza Triza swali kuhusu taswira katika shairi. Nikajibu kwa mtindo wake, na kamzaha kadogo mwishoni. "Triza umeamka leo," Dakta akasema. Nilijiona mjanja sana. Siku hiyo nilimtumia ujumbe kwenye kabambe, "Bado umenuna?" Haukufika. Alhamisi nikapiga, mteja hapatikani. Nikasema moyoni, mwenzangu kwa kununa ameshapata shahada, hata simu kazima. Ijumaa Dakta akaita tena, nikaandika tena yupo, tena ni mzima.

Jumapili hakuja. Jumatatu ya pili tulikuwa na jaribio la alama thelathini. Nililifanya langu kwanza, halafu nikalifanya lake, nikayabadilisha majibu mawili matatu tusifanane. Unaona jinsi nilivyokuwa rafiki mwema. Jumatano alama zikatoka. Triza alikuwa amenipita kwa alama mbili. Nilicheka peke yangu uani mpaka mama akatoka kuniangalia. Nikaona Mungu amenipa neno la kuanzia: nitaenda Kayole kesho, nitampa simu yake, nitamwambia amenishinda mtihani ambao hakuufanya, atacheka, nami nitasema ile pole.

Alhamisi nilipofika orofa ya tatu, mlango ulikuwa na kufuli. Kwenye kamba mbele ya mlango kulikuwa na blauzi yake ya kanisani na shuka, vimenyeshewa vikakauka, vimenyeshewa tena vikakauka, mpaka shuka imefanya michirizi ya kutu mahali pa vibanio. Wacuka, jirani wa mlango wa pili, alitoka na mtoto kiunoni.

"Unamtafuta Triza? Si ako kwenu Jericho? Mimi nilijua mko na mtihani, mnasoma pamoja."

"Ulimwona lini mwisho?"

Alifikiri. "Hiyo Jumatatu ingine. Asubuhi kabisa, nilisikia akifunga mlango."

Nilienda Gikomba nikitembea haraka, halafu nikikimbia. Kibanda chake kilikuwa kimefunikwa turubai. Masinde, anayeuza viatu kando yake, alishangaa kuniona. "Alisema ako na mtihani karibu," akasema. "Hatukuona akikuja, tukajua ndio huo. Hatukutaka kumsumbua." Sokoni walidhani yuko chuoni. Kayole walidhani yuko Jericho. Na chuoni, kwa sababu yangu, hakuna aliyekuwa na haja ya kudhani lolote.

Nikaenda kituo cha polisi kilicho karibu na soko. Askari wa kike alinisikiliza, akafungua kitabu, akarudi nyuma kurasa kadhaa kwa kidole. Jumatatu ile, alfajiri, mwanamke alikuwa amegongwa na pikipiki akivuka barabara kuelekea sokoni. Wasamaria walimpeleka hospitali. Alipofikishwa hakuwa na mkoba wala simu. Akaniandikia jina la hospitali na la wadi kwenye kipande cha karatasi, akanishika bega, na kwa kushikwa vile nikajua.

Muuguzi wa wadi hakuwa na muda, lakini aliketi nami. Alisema mgonjwa alifariki Jumanne. Jumanne hii, ya juzi. Alikuwa amelala pale siku tisa.

"Alikuwa anajijua?" niliuliza.

"Mwanzo hapana. Jumamosi alifungua macho. Kila mtu akiingia mlangoni alikuwa anamwangalia, kisha anaangalia ukuta. Tulimwuliza jina, mdomo haukutii."

"Angepona, kama watu wake wangekuja?"

"Siwezi kukuambia hivyo, dada. Kichwa kiliumia sana." Akainuka kurudi kazini. "Lakini si vizuri mtu kuangalia mlango hivyo."

Katika chumba cha maiti walikuwa wamemfungia karatasi kidoleni: mwanamke asiyejulikana. Nikatoa simu yake mfukoni, nikatoa kava, nikatoa kitambulisho cha taifa, nikampa mhudumu. Alisoma, akanitazama, akaandika jina. Siku tisa zile, kila Dakta alipoliita jina lile mimi nililijibu, na mwenye jina alikuwa kitandani hana wa kumwita. Nililia pale sakafuni mpaka mhudumu, ambaye amezoea, akatoka nje akaniacha.

Darasa letu lilijua. Hilo nataka lieleweke. Hospitali ilisema Jumatatu, wao walikuwa wamesoma "Nipo, tena mzima" Jumatatu hiyo hiyo, na Jumatano, na Ijumaa. Hakuna aliyeniuliza. Kila mmoja alikuwa na simu ya mtu, au simu yake ilikuwa kwa mtu. Walichangia, walilia, wakachagua nguo za kuvaa. Dedan, kiongozi wetu wa darasa, kijana mwema anayependa mambo yaende sawa, aliomba idarani rekodi ya mahudhurio ya muhula ili ataje kitu kizuri kwenye wasifu. Rekodi ilionyesha Triza hakukosa. Akaiandika.

"Dedan, unajua hiyo si kweli," nilimwambia.

"Najua." Hakuinua macho. "Lakini mamake atafurahi. Na wewe ndio utasoma hiyo sehemu ya masomo. Wewe ndio mlikuwa mnakaa pamoja."

Mama Asenath aliwasili na basi Jumamosi, pamoja na mchungaji na akina mama sita wa kwaya. Alikuwa mfupi, wa mashavu yale yale. Ibada ya kuaga ilipangwa Jumanne, kanisani Kayole, halafu safari ya kwenda Vihiga. Jumatatu alasiri akaniita chumbani kwa Triza. Alikuwa ameketi kitandani, anakunja nguo alizozitoa kwenye kamba. Alikuwa amezifua upya. Ile shuka michirizi haikutoka.

"Kaa hapa, mwanangu," akasema. "Mimi sikusoma sana, lakini siku najua kuhesabu."

Nikaketi kwenye ndoo, maana hapakuwa na kiti kingine.

"Sisi tulikuwa tunaongea na Triza kila Jumatano jioni. Jumatano ile nikapiga, hakuna. Alhamisi, hakuna. Ijumaa nikapiga simu ya ofisi ya chuo, ile namba alinipa akisema mama, siku moja ukinikosa, piga hapa. Msichana wa ofisi ni mzuri sana, akaangalia kwa kompyuta. Akaniambia, mama, usiwe na wasiwasi, mtoto wako amekuwa darasani leo asubuhi. Akanisomea hata vile aliandika. Nipo, tena mzima." Alikunja mkono wa blauzi, akaukunjua, akaukunja tena. "Hayo ni maneno ya mama yangu mimi. Hakuna mtu mwingine Nairobi anaweza kuyajua. Nikaamini. Sasa daktari anasema mtoto aliletwa Jumatatu na hakutoka pale kitandani. Mwelu, nani ananidanganya? Daktari, au ofisi?"

Ningeweza kusema daktari. Hospitali zina watu wengi, tarehe huchanganyika, angekubali. Nilimwona akitaka kukubali. Angebaki na zile siku tano ambazo mwanawe alikuwa mzima, akiandika kwa maneno ya nyanya yake.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Simu yake ilikuwa kwangu. Ni mimi niliyeandika."

Nikamweleza yote. Kusainiana, ugomvi wa Jumamosi, vicheko, vitambulisho nyuma ya kava. Sikuficha hata ule mtihani. Chini uani Wacuka alikuwa akiteka maji na kumsemesha mtoto wake. Nilipomaliza, mama Asenath aliinyoosha ile shuka kwa viganja.

"Ijumaa ile," akasema, "nilikuwa nimeshafunga mkoba. Nilikuwa nimemwambia jirani anikamulie ng'ombe. Nilikuwa nije na basi ya usiku, nifike hapa Jumamosi asubuhi." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Msichana akanisomea hayo maneno, nikafungua mkoba. Nikarudisha nguo ndani."

Jumamosi alifungua macho. Mimi nililijua hilo, mama Asenath hakuwa ameambiwa, na sikumwambia. Sijui kama kunyamaza kule ni uongo mwingine. Mpaka leo sijui.

"Jumapili nilisimama kanisani," akaendelea, sauti ile ile ya chini. "Nikatoa ushuhuda. Nikasema, akina mama, nilikuwa na hofu lakini Mungu ni mwema, Triza yuko darasani, tena ni mzima. Wote walipiga makofi. Hao umeona nimekuja nao, hao ndio walipiga makofi."

"Nisamehe, mama. Kesho nitasema ukweli. Nitasimama mbele ya watu wote niseme."

"Hapana."

Alichukua karatasi ya wasifu iliyokuwa juu ya mto, akaitafuta ile sehemu kwa kidole, polepole, kama mtu anayesoma kwa shida, akanipa.

"Utasoma vile imeandikwa. Hawa akina mama nitakaa nao mpaka nife. Sitaki wakiniangalia waone mtoto wangu akilala siku tisa bila mtu. Wewe uliandika kwa jina lake siku zote hizo bila kutumwa na mimi. Kesho mjibie mara moja mimi nikikutuma."

Kisha akarudi kwenye nguo zake. Nilimsubiri aseme neno lingine, hata la matusi. Akasema tu kwamba nikitoka nirudishe mlango, upepo unaleta vumbi.

Tangu wakati huo matokeo ya yale maoni yametoka. Wengi walichagua mtandao. Dedan aliniuliza ninaonaje, mimi niliyeupigania ukumbi, nikamwambia sina maoni. Nilizoea kufikiri kwamba ukumbini jambo hili lisingetokea, kwamba nusu ile ya kiti ingekuwa tupu na mguu wangu usingekufa ganzi, ningejua. Labda. Lakini hata ukumbini nilikuwa na sahihi yake mkononi. Na nisingesema neno lile siku ya mkutano, ningeingoja simu ya Triza Jumatatu hiyo, kama alivyonipigia kila siku ya bale kuniambia tu amefika sokoni, na isipoingia ningeanza kumtafuta. Hilo ndilo linaloniuma, si mtandao.

Jumanne kanisa lilijaa. Darasa letu lilikuja lote, watu mia moja na zaidi, ambao hatukuwa tumeonana ana kwa ana tangu mwaka jana. Wengine nilikuwa najua majina tu. Dakta Mureithi alikaa nyuma, kofia mapajani. Mama Asenath alikuwa mstari wa mbele, kwaya yake pande zote mbili, jeneza hatua tatu kutoka magotini pake.

Waliponiita nilisimama. Nilisoma kwamba alizaliwa Vihiga, kifungua mimba. Nilisoma shule alizosomea. Nilisoma kwamba alikuwa mpole. Nikafika kwenye ile sentensi, nikainua macho, na mia moja na zaidi wale wote walikuwa wametazama chini. Mama Asenath peke yake alinitazama. Akaitikia kwa kichwa, niendelee.

"Triza," nikasoma, "hakukosa darasa hata siku moja."

Akina mama sita wa kwaya wakapiga makofi.